Jumba la Mji wa Siena

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu ameniomba niandike habari za kitu chochote nilichokiona katika safari yangu ya Ulaya. Najua wanafunzi wangependa zaidi kusikia habari za viwanja vya mpira, na wenzangu tuliosoma hapa zamani wangependa kujua bei za vitu. Mimi nimechagua nyumba moja. Nyumba hiyo iko Italia, katika mji wa Siena, nayo imesimama mahali pake kwa muda wa miaka zaidi ya 700. Jina lake ni Palazzo Pubblico, yaani jumba la watu wote. Si jumba la mfalme, wala la askofu, wala la tajiri fulani. Lilijengwa na mji wenyewe kwa fedha za mji, ili wale wanaotawala wapate mahali pa kukaa. Na jinsi walivyokalishwa humo ndiyo habari ninayotaka kueleza, maana sijapata kuona nyumba nyingine iliyojengwa kwa fahari namna ile kwa ajili ya wakubwa, na papo hapo ikawa kama kifungo chao.

Kwanza nieleze mji wenyewe. Siena uko katika jimbo la Toscana, kusini ya mji wa Firenze. Umejengwa juu ya vilima vitatu, na mahali vilima hivyo vinapokutana pana bonde dogo lenye umbo kama la kombe la pwani. Hapo ndipo ulipo uwanja mkuu uitwao Campo. Mji hauna mto. Kwa sababu hiyo watu wake wa kale walichimba mifereji chini ya ardhi, urefu wake kwa jumla kilometa kama 25, wakakusanya maji yanayodondoka ndani ya miamba na kuyaleta mjini. Katika miaka ya 1340 maji hayo yakafika mpaka Campo, na kisima kilichojengwa hapo wakakiita Fonte Gaia, yaani chemchemi ya furaha. Mtu aliyepata kubeba debe la maji kichwani kutoka bondeni hatauliza kwa nini waliiita hivyo.

Utajiri wa Siena haukutoka shambani tu, ulitoka njiani pia. Mahujaji na wafanya biashara waliotoka Ufaransa kwenda Roma walipita hapo, na watu wa Siena wakawa wenye benki wakubwa, hata wakawa wakimtunzia Papa fedha zake. Watu wa kazi hiyo huzoea kuhesabu mara mbili, na kutaka kila jambo liandikwe. Nadhani tabia hiyo ndiyo iliyoingia katika serikali yao.

Zamani hizo hapakuwa na nchi moja ya Italia kama ilivyo leo. Kila mji mkubwa ulikuwa dola, una jeshi lake, fedha zake na adui zake. Adui mkubwa wa Siena alikuwa Firenze, na mwaka wa 1260 watu wa Siena waliwashinda watu wa Firenze katika vita vya Montaperti, ushindi ambao hata leo wenyeji huusimulia kama kwamba ulitokea juzi. Lakini hatari nyingine ilikuwa ndani ya mji. Koo za watu wakubwa zilikuwa na nyumba kama ngome, zenye minara, na zilipogombana watu walikufa barabarani. Kwa hiyo swali la kila mji lilikuwa moja: nani atatawala bila ya kuufanya mji kuwa mali ya ukoo wake?

Jibu la Siena, kuanzia mwaka wa 1287, lilikuwa watu tisa. Waliitwa Wale Tisa. Walichaguliwa katika wafanya biashara na watu wa hali ya katikati. Watu wa koo kubwa walikatazwa, na hata mahakimu na waandishi wa mikataba hawakuruhusiwa. Tena, na hili ndilo lililonishangaza, Tisa hao walitawala kwa miezi miwili tu. Miezi miwili ikiisha wanatoka, wanaingia tisa wengine, na yule aliyetoka hana ruhusa ya kurudi mpaka ipite miezi 20. Msomaji atasema, mtu atajifunza nini katika miezi miwili? Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini utawala wa namna hiyo ulidumu kwa muda wa miaka 68, na katika miaka hiyo yalijengwa karibu mambo yote mazuri ambayo wageni huenda Siena kuyatazama.

Kabla ya hapo serikali ya Siena haikuwa na nyumba. Baraza lilikutana kanisani, na wakubwa wa mji walikaa katika nyumba za kupanga, ambazo wenyewe walikuwa ni hao hao watu wa koo kubwa. Fikirini jambo hilo: serikali ni mpangaji, na mwenye nyumba ni yule anayepaswa kuhukumiwa. Basi karibu na mwaka wa 1297 ujenzi ukaanza katika sehemu ya chini ya Campo, mahali palipokuwa na nyumba ya forodha, na kufika mwaka wa 1310 Wale Tisa wakahamia humo.

Jumba hili likitazamwa kutoka uwanjani, sehemu ya chini ni ya mawe meupe, na juu yake yote ni matofali mekundu ya kuchoma. Milango ya chini ina matao ya namna mbili pamoja: tao moja limechongoka juu, na chini yake limo jingine lililolala zaidi. Namna hiyo imependwa sana Siena, hata mafundi wa Italia huiita tao la Siena. Madirisha ya juu kila moja limegawanywa mara tatu kwa nguzo ndogo mbili nyembamba, na juu ya nguzo hizo imewekwa ngao ya mji, nusu nyeupe na nusu nyeusi. Juu kabisa ukuta unakwisha kwa meno meno kama ngome. Sehemu ya katikati ni ndefu kuliko mbawa zake mbili. Mbawa hizo zilikuwa fupi zaidi zamani, ziliongezwa ghorofa mnamo mwaka wa 1680. Tena uso wa jumba haukunyooka kama rula. Umepinda kidogo sana kuelekea ndani, kufuata umbo la uwanja, hata mtu akisimama katikati ya Campo anaona kama jumba linamkumbatia. Mimi sikuligundua hilo mpaka nilipoonyeshwa na mtoto wa shule aliyekuwa akila mkate karibu nami.

Nyumba zilizozunguka uwanja zilitiwa chini ya amri. Mwaka wa 1297 mji ulitoa sheria kwamba mtu yeyote atakayejenga nyumba yenye kutazama Campo lazima madirisha yake yawe na nguzo ndogo, wala asitokeze roshani. Kwa hiyo tajiri mwenye kasri yake alilazimishwa kuifananisha nyumba yake na nyumba ya mji, wala si mji kuiga nyumba ya tajiri. Baadaye uwanja wenyewe ukatandikwa matofali, na mistari ya mawe meupe ikaugawanya mafungu tisa, yote yakishuka na kukutana mbele ya jumba, pale panapoingia maji ya mvua. Hesabu ya mafungu ni hesabu ya watawala.

Sasa niingie ndani, niseme jinsi Wale Tisa walivyoishi. Katika miezi yao miwili hawakulala kwao. Walikula humo na kulala humo, wala hawakuwa na uhuru wa kutoka wapendavyo. Maana yake ni wazi. Mtu akilala nyumbani kwake, usiku atagongewa mlango na shemeji, na mdeni, na rafiki mwenye kesi. Akilala katika nyumba ya mji, pamoja na wenzake wanane, ni shida kumnong'oneza. Hakimu mkuu, aliyeitwa podesta, hakuwa mtu wa Siena kabisa. Aliajiriwa kutoka mji mwingine kwa muda mfupi, akaja na mahakimu wake na watumishi wake, akapewa vyumba katika jumba hilo hilo. Aliajiriwa mgeni makusudi, ili asiwe na jamaa mjini. Muda wake ulipokwisha hakuruhusiwa kufunga mizigo na kwenda zake. Alikaa kwanza, vitabu vyake vikakaguliwa, na mwenye malalamiko akapewa nafasi ya kuyatoa.

Hazina ya mji iliitwa Biccherna. Mara nyingi mtunza fedha alikuwa mtawa, mtu asiye na mke wala watoto wa kurithi. Hesabu ziliandikwa katika vitabu vilivyofunikwa kwa mbao, na mbao hizo zilipakwa rangi na wachoraji wazuri kabisa wa mji. Nyingi zimehifadhiwa mpaka leo. Katika moja unamwona mtawa amekaa mezani pake na fedha mbele yake, kama karani yeyote siku ya mwisho wa mwezi. Sijui mji mwingine uliopamba daftari la hesabu kama watu wengine wapambavyo kitabu cha dini.

Lakini kitabu kilichonigusa zaidi si hicho. Sheria za Siena, kama za miji yote ya wakati ule, ziliandikwa kwa Kilatini. Kilatini ni lugha ya mapadre na mahakimu. Mchoma mkate hakuijua, wala mchunga kondoo, wala mjane. Mwaka wa 1309 serikali ikaamuru sheria zote za mji zigeuzwe katika lugha wanayoisema watu sokoni, na kazi hiyo ikafanywa na mwandishi wa mikataba aitwaye Ranieri Ghezzi Gangalandi. Amri yenyewe ilieleza kwamba kitabu kiandikwe kwa herufi kubwa, zenye kusomeka vizuri, juu ya ngozi nzuri, nacho kiwekwe katika Biccherna kimefungwa pale pale kisiondolewe, ili watu maskini na wengine wasiojua Kilatini waweze kukitazama na kunakili wanachotaka. Kitabu hicho kingaliko Siena, katika nyumba ya hati za kale.

Naomba niseme jambo langu mwenyewe hapa. Miaka mingi iliyopita, muda mfupi baada ya kutoka shuleni, nilikuwa karani wa chama kimoja cha wakulima. Katiba ya chama ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa vizuri, imefungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti. Wanachama walio wengi hawakujua Kiingereza. Siku moja mzee mmoja alikuja akavua kofia mlangoni akaniuliza, “Bwana Karani, je, iko sheria inayoniruhusu mimi kuona hesabu ya kahawa yangu?” Sheria ilikuwako. Nilikuwa nimeisoma, hata hesabu ya kifungu chake nilikuwa naijua. Nikamjibu, “Mzee wangu, sheria ziko ofisini.” Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda. Sikusema uongo. Lakini niliposimama Siena nikasikia habari za herufi kubwa na watu maskini, nilimkumbuka mzee yule na kofia yake, na sikufurahi. Naye alikwisha kufa zamani.

Turudi jumbani. Katika ghorofa ya kwanza kuna ukumbi mkubwa ambamo Baraza la Kengele lilikutana, baraza la watu 300. Ukutani mwake mchoraji Simone Martini alichora mwaka wa 1315 picha kubwa ya Bikira Maria amekaa katika kiti cha enzi, watakatifu wamemzunguka, na juu yao wote limetandazwa hema kama la sherehe. Mtoto Yesu ameshika karatasi, na maneno yake yametoka katika kitabu cha Hekima: yanawaagiza wanaohukumu duniani waipende haki. Kwa hiyo mbunge wa Siena alipochoka na hotuba za wenzake na kuinua macho, alisoma amri hiyo. Ukumbi huo huitwa wa Ramani ya Dunia, kwa kuwa zamani ilitundikwa humo ramani kubwa ya mviringo iliyozungushwa kwa mkono. Ramani imepotea, lakini mikwaruzo yake ya duara ungali unaiona ukutani.

Mlango wa pili ni chumba cha Wale Tisa wenyewe. Si kikubwa: urefu wake ni mita 14 na kitu, na upana hata mita 8 haufiki. Ndani yake mchoraji Ambrogio Lorenzetti alifanya kazi mwaka wa 1338 na 1339. Alichora juu ya chokaa mbichi, ili rangi ikauke pamoja na ukuta. Kuta tatu alizijaza, na ukuta wa nne una dirisha, nalo ni moja tu.

Katika ukuta mmoja ameketi mzee mkubwa mwenye ndevu nyeupe, amevaa nyeupe na nyeusi, rangi za ngao ya mji. Mzee huyo si mtu, ni mji wenyewe. Amezungukwa na wanawake sita ambao ni tabia njema: Amani, Uthabiti, Busara, Moyo Mkuu, Kiasi na Haki. Amani ameegemea mto, amevaa nguo nyeupe, na ukitazama vizuri unaona kwamba chini yake pamewekwa mavazi ya vita, ndiyo anayoyalalia. Upande wa kushoto Haki anaonekana mara ya pili, na mizani. Kutoka katika mizani zinashuka kamba mbili, zinapokewa na mwanamke aitwaye Umoja. Yeye anazisokota pamoja ziwe kamba moja, na mapajani ameweka randa kubwa ya seremala, chombo cha kusawazisha mbao zisipitane. Kamba hiyo anawapa wananchi 24 waliosimama wawili wawili, nao wanaipitisha mkononi mpaka inamfikia yule mzee. Amefungwa nayo. Nilikaa mbele ya kamba hiyo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, mpaka askari wa zamu akaanza kunitazama.

Ukuta wa kulia unaonyesha mji na shamba chini ya utawala mwema. Hapa mchoraji amejifurahisha. Waashi wako juu ya jukwaa wanajenga. Muuza viatu yuko dukani. Bibi arusi anapita juu ya farasi. Watu wanacheza ngoma barabarani wameshikana mikono. Yuko mwalimu ameketi mbele ya wanafunzi, na wenye macho makali katika shule yetu wangeona mara moja kwamba si wote wanaomsikiliza. Lango la mji liko wazi. Mabwana wanatoka na mwewe wao kwenda kuwinda, na wakulima wanaingia, mmoja akimswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe begani, aina inayofugwa Toscana hata leo. Mbali kidogo watu wanapura ngano. Angani anaruka mwanamke mwenye mabawa, jina lake Usalama. Mkono mmoja ameshika maandishi yanayosema kwamba kila mtu atembee na kulima pasipo hofu, na mkono wa pili ameshika mti wa kunyongea, na mtu ananing'inia. Lorenzetti hakuficha hilo. Wasafiri wenzangu walilitazama haraka wakapita. Mimi naona afadhali alilichora, kuliko kutudanganya kwamba salama huja kwa ngoma peke yake.

Ukutani kwa kushoto ndipo ulipo utawala mbaya. Ameketi Udhalimu, mwenye pembe na meno ya kutokeza, na mbuzi miguuni. Juu yake wanaruka Choyo, Kiburi na Majivuno. Pembeni wamekaa Ukatili, Usaliti, Hila, Ghadhabu, Mfarakano na Vita. Mfarakano amevaa nyeupe na nyeusi kama mji, upande mmoja ameandikwa “ndiyo” na upande wa pili “siyo”, naye ameshika msumeno anajikata mwenyewe. Haki amelala chini, amefungwa kamba, na mizani yake imevunjika. Katika mji huo hakuna anayejenga, na fundi mmoja tu ndiye mwenye kazi, naye ni mfua silaha. Ukuta huo umeharibika sana, lipu imebanduka vipande vikubwa, hata mashamba yaliyochomwa moto huyaoni sawasawa.

Wako wataalamu wasemao kwamba picha hizi ni za kujisifu tu. Wanasema Wale Tisa walimlipa mchoraji ili awaonyeshe watu kwamba utawala mwema ni wao. Maneno hayo yana ukweli. Si kila mtu wa Siena aliyeweza kuwa mmoja wa Tisa. Walikuwa ni jamaa za matajiri wa kati wakipokezana, na mwaka wa 1318 wachinja nyama na waandishi wa mikataba, pamoja na baadhi ya watu wa koo kubwa, walifanya fitina ya kuwapindua kwa kuwa walifungiwa nje. Fitina hiyo ilishindwa. Lakini nauliza: mtu anayetaka kujisifu tu, kwa nini achore na Udhalimu katika chumba chake mwenyewe, upana wa ukuta mzima, mahali atakapokuwa akiuona kila siku ya kazi? Wageni wa kawaida hawakuwa wakiingia humo kama tunavyoingia sisi leo kwa tiketi. Walioishi na picha hizo ni wale tisa. Na maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya lugha ya sokoni, si Kilatini. Hata mtakatifu Bernardino, mwenyeji wa nchi hiyo, alipohubiri Siena baadaye aliwakumbusha watu picha hizo, kwa hiyo habari zake zilikwisha toka nje ya chumba.

Mnara ulianza kujengwa mwaka wa 1325. Mwandishi mmoja wa habari za mji ameeleza kwamba siku ya kuweka msingi walitia fedha chini, na katika kila pembe jiwe lenye herufi za Kiyunani, Kiebrania na Kilatini, ili usipigwe na radi. Ni wa matofali, mwembamba, na kilele chake ni cha mawe meupe. Urefu wake ni mita 87 bila ya chuma cha kukinga radi kilicho juu yake. Wenyeji hupenda kusema kwamba kilele kiko sawa sawa na kilele cha mnara wa kanisa kuu, ingawa kanisa liko kilimani na jumba liko bondeni. Huitwa Mnara wa Mangia, kwa jina la mpiga kengele wa kwanza, Giovanni di Balduccio, aliyepewa jina la utani Mangiaguadagni, maana yake mla mapato, kwa kuwa mshahara wake wote uliishia tumboni. Mashujaa wa Montaperti hawakupata mnara, mlafi amepata.

Ujenzi ulikwisha mwaka wa 1348. Mwaka huo huo tauni ikafika Siena. Agnolo di Tura, mwandishi wa habari za mji, aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Lorenzetti aliyechora chumba hufikiriwa kuwa alikufa katika maradhi hayo, na nduguye Pietro pia, naye mchoraji. Kanisa kuu lilikuwa likiongezwa ili liwe kubwa ajabu. Kazi ikasimama, na kuta za nyongeza hiyo zimesimama bila ya paa mpaka sasa. Waliosalia waliweka nadhiri, na kuanzia mwaka wa 1352 wakajenga chini ya mnara kikanisa kidogo cha mawe meupe, kilichoufunika mguu wa mnara. Mafundi wa majengo husema hakipatani na jumba. Kweli hakipatani.

Wale Tisa walidumu miaka saba tu baada ya tauni. Mwezi wa Machi 1355 Kaisari Karl wa Nne alifika Siena. Watu wa koo kubwa na watu wadogo wakashirikiana, wakalivamia jumba, na sanduku lililokuwa na majina ya watakaokuwa Wale Tisa likafungwa mkiani mwa punda, likaburutwa mitaani. Serikali nyingine zikafuata, moja baada ya moja, lakini Siena ilibaki na uhuru wake miaka 200 zaidi, mpaka mwaka wa 1555 ilipojisalimisha kwa njaa baada ya kuzingirwa na majeshi ya Kaisari na ya Firenze. Mwaka wa 1557 ikakabidhiwa kwa Cosimo de' Medici, mtawala wa Firenze. Jumba halikubomolewa. Mwaka wa 1560 ule ukumbi mkubwa zaidi, ambao baraza lilikuwa limejengewa baada ya kuuacha ule wa ramani, uligeuzwa ukawa mahali pa kuonyeshea michezo ya kuigiza. Uliungua mara mbili, ukajengwa tena, na hata leo ni thieta.

Siku hizi meya wa Siena na watumishi wa mji wangali wanafanya kazi katika jumba hilo, na vyumba vyenye picha ni makumbusho. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na tarehe 16 Agosti, mitaa ya mji hushindana mbio za farasi katika Campo, na jumba zima hupambwa kwa bendera.

Nilipokaribia kuondoka nilipanda ngazi mpaka nyuma ya jumba, kwenye roshani kubwa yenye kutazama upande wa kusini. Hapo husemekana ndipo Wale Tisa walipopumzika jioni, kwa kuwa hawakuweza kwenda nyumbani. Chini yake kuna uwanja wa soko la zamani, na baada ya soko mji unakwisha ghafula, zinaanza bustani za mboga, mizeituni, na vilima vya mashamba mpaka macho yanapochoka. Ni mashamba yale yale ya ukutani, isipokuwa yule mwanamke hayuko angani. Mtu mmoja alikuwa akilima bustani yake karibu kabisa na ukuta wa mji. Nilimtazama mpaka kengele ya kufunga ikalia.